Meno ya Arusha, jeli ya kung'arisha na kazi ya mate

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba umekulia Usa River, kabla hajakuuliza habari za mlima atakuwa ameshakutazama mdomoni. Hana ubaya, anahakikisha tu. Sisi tuliokulia kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kuanzia Tengeru hadi King'ori, tulizoea mapema kucheka mkono ukiwa mdomoni kuficha meno yetu ya kahawia, kupiga picha za shule tukiwa tumefumba midomo, na kujibu "ni maji" swali likiwa bado njiani.

Siku hizi mambo yamebadilika. Watu wanang'arisha. Kuna anayekwenda kwa daktari wa meno, kuna anayeagiza jeli mtandaoni ikaletwa na bodaboda, kuna anayesugua unga wa mkaa, na kuna bibi harusi mmoja wa ukoo wetu aliyesukutua limau kila asubuhi kuelekea send-off yake mpaka akawa hawezi tena kunywa maji ya bomba bila kufumba macho. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, kwa hiyo maswali ya namna hii huishia kwangu, hata yale ambayo yangefaa yaishie hospitali. Wanauliza jeli ipi, bei gani, siku ngapi. Sijawahi kuulizwa kuhusu mate. Kwangu mimi mate ndiyo habari yenyewe: jeli inafanya kazi saa chache, lakini jino litabaki katika hali gani baada ya hapo, hilo linaamuliwa na mate.

Kahawia yetu

Tuanze na rangi, kwa sababu ya kwetu si ya sigara wala ya kahawa.

Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini: kalsiamu na fosfeti zilizopangana katika fuwele ziitwazo haidroksiapataiti. Haina seli hai. Seli zilizoijenga hupotea jino linapochomoza, ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga ila jino lililomeguka haliungi. Sasa mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati seli hizo zikiwa bado kazini, yaani tangu uchanga hadi umri wa miaka 8 hivi, hujengewa enameli ambayo uso wake ni mgumu lakini chini ya uso kuna vitundu vidogo visivyojaa madini. Jino linachomoza likiwa na mabaka meupe yasiyong'aa. Ukahawia huja baadaye, rangi za vyakula na vinywaji zinapoingia kwenye vitundu hivyo na kuweka makazi. Ukikulia hapa ukahamia Dodoma na miaka ishirini, unahama nayo.

Floraidi yenyewe inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanapita humo chini, yanaichukua, yanatokea kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania, kwa kutazama hali halisi ya mikoa yetu, kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na katika kata ya Maji ya Chai kumepimwa maji yaliyovuka hata hapo mara kadhaa. Ongeza magadi ya kulainishia makande na kiburu, nayo yana floraidi. Na kuchemsha maji hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki pale pale kwenye sufuria. Kituo cha Ngurdoto kimehangaika na jambo hili kwa miaka, kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji, na hilo linafanya kazi. Lakini linamsaidia mtoto ambaye meno yake hayajajengwa. Mimi na wenzangu tumeshachelewa.

Wala hatuko peke yetu. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wengi waliozaliwa mjini hapo wana meno ya kahawia na hakuna anayejua kwa nini. Ilichukua miaka 30, hadi 1931, mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji na kukuta ni floraidi. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki nikiwa nacheka wazi, meno nje. Wanaelewa haraka kuliko wanavyolielewa jedwali la elementi.

Jeli inavyofanya

Kitu kinachong'arisha meno kwa ndani kwa kawaida ni kimoja: haidrojeni peroksaidi. Wakati mwingine inauzwa yenyewe, wakati mwingine iko ndani ya kabamaidi peroksaidi, ambayo ikikutana na majimaji huvunjika ikatoa peroksaidi na yurea. Jeli ya kabamaidi ya asilimia 10 hutoa peroksaidi ya kama asilimia 3.5 tu. Ile anayopakwa mtu akiwa kwenye kiti cha daktari inaweza kufika asilimia 35 na zaidi, na fizi hufunikwa kwanza zisiungue. Njia ya kuvaa usiku trei laini, yaani kifuniko cha plastiki kinachovikwa meno, yenye jeli ya asilimia 10 ilielezwa na Haywood na Heymann huko Marekani mwaka 1989. Ndiyo niliyopewa mimi na daktari wa meno hapa mjini, msimu wa baridi ya Juni, na kama unaijua Juni ya Arusha unajua kwamba huo si wakati wa kuchezea meno. Upepo wa asubuhi kituoni ukinigusa jino la mbele, ganzi inapanda hadi kwenye jicho.

Peroksaidi ni molekuli ndogo. Inapenya enameli, inafika kwenye dentini iliyo chini yake ndani ya dakika chache, na huko inazivunja molekuli kubwa za rangi kuwa vipande ambavyo havina rangi tena. Haikwangui. Hapo ndipo inapoachana na mkaa na limau. Mkaa unakwangua uso wa jino. Limau lina pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali imezidi) ya zaidi kidogo ya 2, linayeyusha. Yule bibi harusi wetu aliona weupe siku za mwanzo kwa sababu madoa yalikuwa yakiondoka pamoja na ngozi ya jino iliyoyabeba. Halafu kadiri enameli inavyopungua, dentini, ambayo kwa asili ni ya njano, inaanza kuonekana. Mtu anasema meno "yamerudi". Hayakurudi popote, anachokiona ni tabaka la ndani, na lile la nje alilitema kwenye karai.

Lakini tusiisafishe peroksaidi kupita kiasi. Uso wa jino kawaida una utando mwembamba wa protini zilizotoka kwenye mate, jeli inauondoa. Ndani ya enameli kuna protini kidogo sana zinazoshikana na fuwele. Peroksaidi inazishambulia nazo. Baadhi ya jeli, hasa zile zisizojulikana zimetoka wapi, zina tindikali ya kutosha kuchomoa kalsiamu. Na jino linakauka, linapoteza maji yaliyomo kwenye vinyweleo vyake. Kwa hiyo asubuhi unapotoa trei, una jino jeupe zaidi ambalo kwa saa kadhaa halina kinga yake ya kawaida na uso wake umelegea kidogo.

Fundi akimaliza kumwaga sakafu ya saruji haondoki na kukuachia hivyo hivyo. Anakuagiza umwagilie maji asubuhi na jioni siku kadhaa, ingawa kwa macho sakafu imeshakauka na watoto wanataka kuikanyaga. Jino lililotoka kung'arishwa liko hivyo. Kazi inaonekana imekwisha, ila ugumu wake bado unatafuta maji, na maji hayo ni mate.

Mate yana nini

Tumezoea kuyadharau. Kutema mate ni tusi, na mtoto anayetoa udenda anafutwa haraka. Mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, mengi yakitoka kwenye jozi tatu za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Karibu asilimia 99 ni maji matupu. Hiyo asilimia moja inayobaki ndiyo yenye maajabu.

Ndani yake kuna kalsiamu na fosfeti, yale yale madini ya jino, tena kwa wingi kuliko ambavyo maji ya pH hiyo yangepaswa kubeba. Kwa hesabu ninazofundisha Kidato cha Tatu, mate yalitakiwa kugandisha fuwele mdomoni mchana kutwa. Hayagandishi ovyo kwa sababu kuna protini, mojawapo inaitwa statherini, zinazoyashika madini hayo yasiporomoke. Maana yake ni kwamba meno yako yanaogelea kwenye mchanganyiko ulio tayari muda wote kuachia madini pale yalipopungua. Kinachoamua mwelekeo ni tindikali. pH ya mdomo ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini yanatoka kwenye jino kuingia kwenye mate. Ikipanda, yanarudi. Unakunywa soda, yanatoka. Nusu saa au saa nzima baadaye mate yameshaisawazisha hali, yanarudi. Hivyo kila siku, tangu jino lichomoze.

Kinachosawazisha ni bikaboneti, na hapa kuna jambo la kutumia jikoni: mate yanayotoka wakati unatafuna yana bikaboneti nyingi kuliko yale yanayochuruzika ukiwa umekaa kimya. Ndiyo maana daktari wangu aliniambia, baada ya kutoa trei na kusukutua maji, nitafune kitu kisicho na sukari wala ukali. Yeye alitaja ubani usio na sukari. Mimi nilitumia karanga za kukaanga, zinapatikana kila kona na hazinifanyi nionekane mbele ya wanafunzi kama niko kijiweni.

Utando ule wa protini unaanza kurudi sekunde chache tu baada ya jino kuguswa na mate, na unaendelea kunenepa kwa saa moja, mbili. Ukishakaa, tindikali haigusi enameli moja kwa moja. Ndiyo sababu saa za kwanza ni za kuheshimu. Si wakati wa juisi ya ukwaju, si wakati wa embe bichi na pilipili, na mbege nayo isubiri, ina uchachu wake. Wala si wakati wa kusugua kwa nguvu ukidhani unaongezea weupe.

Madini yenyewe yanarudi polepole zaidi. Ugumu wa uso wa jino unapopungua kwa jeli, unapanda tena kwa siku na wiki, na huo ndio ukweli unaotuliza ambao wauzaji hawausemi kwa sababu hauna chupa ya kuuzia.

Kuna kichekesho ndani yake pia. Mate haya haya ndiyo adui mkubwa wa jeli. Yana vimeng'enya, peroksidasi na katalasi, ambavyo kazi yake ni kuivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ndiyo maana jeli inawekwa kwenye trei lililobana, mate yasiifikie kwa urahisi, na ndiyo maana njia ya usiku inafanya kazi vizuri: mtu akilala, tezi za mate karibu zinafunga duka. Usiku mate yanapungua, jeli inapata nafasi. Asubuhi unaamka, unapiga miayo, unatamani chai, mate yanafunguka, na zamu inabadilika. Sijui kama Haywood na Heymann walilipanga hivyo tangu mwanzo, ila nalipenda hilo.

Meno ya ng'ombe kwenye maabara

Mtu akitafuta mtandaoni atakuta habari za kutisha: kung'arisha kunalainisha enameli, kunaacha uso wenye mashimo. Habari hizo zina msingi, ila ni lazima uulize jino lenyewe lilikuwa wapi.

Majaribio mengi ya namna hii hufanyika kwa meno yaliyong'olewa, ya binadamu au ya ng'ombe, ambayo hukatwa vipande, kulainishwa, kupakwa jeli, kisha kubonyezwa kwa ncha ndogo ya almasi kupima ugumu. Kati ya kipindi kimoja cha jeli na kingine, vipande vinahifadhiwa. Vikihifadhiwa kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na madini, ugumu unashuka na unabaki chini. Vikihifadhiwa kwenye mate ya kutengenezwa, hali inakuwa nafuu. Na watafiti walipoanza kuweka vipande vya enameli kwenye vinywa vya watu halisi, watu wakala na kuzungumza navyo, tofauti kati ya jino lililong'arishwa kwa jeli ya kiasi na lile ambalo halikuguswa ikawa ndogo sana, mara nyingi hata haionekani. Si tafiti zote zinazokubaliana; jeli yenye tindikali na ile yenye nguvu nyingi huacha alama zaidi. Lakini mwelekeo wake ni huo. Jino linaloteseka kwenye glasi ya maji linapona mdomoni.

Nalisema hili darasani kila tunapofika kwenye majaribio. Ukibadilisha kimiminika kimoja, umebadilisha jibu.

Jambo jingine linalotokana na hapo ni kuziba meno. Oksijeni inayobaki ndani ya enameli baada ya jeli inazuia gundi ya kujazia isishike vizuri, kwa hiyo daktari makini atakuambia urudi baada ya wiki moja au mbili kama ulitaka kuziba pengo au kubandika kitu mbele. Huo muda nao mate yanafanya kazi yake.

Asubuhi na jioni

Hili linatuhusu sisi wa floraidi kuliko wengine, na sikuambiwa na muuzaji yeyote.

Jino likikauka linaonekana jeupe zaidi kuliko lilivyo. Na mabaka meupe ya floraidi yanajitokeza zaidi jino likiwa kavu, kwa sababu vitundu vilivyokuwa na maji sasa vina hewa, na mwanga unatawanyika humo. Matokeo yake ni kwamba asubuhi ya kwanza nilipojitazama kwenye kioo, ukahawia ulikuwa umefifia kweli, ila mabaka meupe yalikuwa yamepiga kelele. Mdogo wangu alinitazama akasema, "Dada, sasa umekuwa na madoa ya aina nyingine." Kufikia jioni yalikuwa yametulia. Mate yalikuwa yamerudisha maji ndani ya enameli. Mzunguko huo ulijirudia muda wote wa matibabu, na rangi ya kweli ilikuja kuonekana kama wiki mbili baada ya kuacha jeli kabisa, ikiwa nyeupe kidogo kuliko ya zamani na kahawia kidogo kuliko ya picha za matangazo.

Kwa hiyo, wanakamati wa harusi, msimpeleke bibi harusi kung'arishwa asubuhi ya send-off. Mpiga picha atamkuta na meno yaliyokauka yenye mabaka. Mpelekeni mwezi mmoja kabla.

Na kama ukahawia ni mzito, jeli peke yake haitoshi. Wataalamu Thylstrup na Fejerskov waliweka kipimo mwaka 1978 cha kupanga ukali wa hali hii kuanzia 0 hadi 9. Walio kwenye ngazi za chini za kipimo hicho wanapata faida kwa kung'arisha. Walio katikati wanaweza kuhitaji kusuguliwa tabaka jembamba sana la juu kwa tindikali na unga maalumu, kazi ya daktari tu, au kujaziwa vitundu kwa resini, utomvu wa kiwandani. Walio juu kabisa, enameli yao imeshaanza kubanduka vipande, na hao jeli itawaumiza. Mate nayo yana mpaka. Yanaweza kurudisha madini kwenye uso uliolegea. Hayawezi kujenga upya enameli ambayo utotoni ilijengwa na vitundu.

Mama na dawa ya meno

Daktari aliniandikia dawa ya meno yenye floraidi, pamoja na ya potasiamu naitreti ya kutuliza ganzi. Mama alipoona neno floraidi kwenye boksi alinitazama kama niliyerogwa. "Si ndiyo hiyo hiyo iliyokuharibu?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanaotahiniwa. Ndiyo hiyo hiyo, Mama, ila njia na wakati ni tofauti. Iliniharibu nilipoimeza kila siku nikiwa mtoto, meno yakiwa bado ndani ya taya yanajengwa. Jino langu sasa limekwisha kujengwa. Floraidi ikipita juu yake haiwezi kulibadilisha rangi. Badala yake, ikiwa kidogo ndani ya mate, inaharakisha madini kurudi, na fuwele zinazopatikana zinavumilia tindikali zaidi, hadi pH ya 4.5 hivi badala ya 5.5. Mama alisikiliza, akaguna, akasema basi watoto wa kaka yako wasiguse. Hapo yuko karibu na ukweli: mtoto mdogo wa Usa River anayemeza dawa ya meno anaongezewa juu ya maji. Wapewe chembe ndogo tu, wafundishwe kutema.

Chai, tena

Kila daktari anasema usinywe chai wala kahawa kwa siku mbili baada ya kung'arisha. Kumwambia hivyo mtu wa Arusha ni kumwambia asipumue. Utafiti kuhusu kuacha vinywaji vya rangi haukuleta tofauti kubwa kama inavyodhaniwa, na mimi ningesema hatari ya saa zile za kwanza ni tindikali na sukari kuliko rangi. Hata hivyo kama lazima unywe, kunywa ya maziwa. Protini ya maziwa, kaseini, inazishika tanini za chai kabla hazijalifikia jino. Chai ya rangi yenye limau ndiyo niliyoiacha kabisa, maana hiyo inabeba mambo mawili kwa mkupuo: inalegeza, halafu inapaka.

Wale ambao mate yao hayatoshi

Yote niliyoandika yanadhani una mate. Si kila mtu anayo.

Binamu yangu wa Moshi ni mpagazi. Anapanda na watalii kuelekea Uhuru, mita 5,895, anapumua kwa mdomo saa nyingi kwenye hewa kavu yenye baridi, na anarudi ulimi umeshikana na kaakaa. Aliniuliza kama anaweza kupaka jeli akiwa njiani, maana jioni kambini hakuna la kufanya. Nilimwambia asubiri msimu uishe. Ataishambulia enameli wakati ambao kinachoitunza kimepungua, halafu juu yake anywe vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye tindikali. Watafuna mirungi nao wanaijua kiu ile ya mdomo mkavu. Na wanaolala mdomo wazi kwa mafua ya vumbi.

Lakini kundi kubwa zaidi ni la watu wanaomeza dawa. Dawa za mzio, baadhi ya dawa za presha, dawa za msongo, nyingi zinakausha mdomo. Shangazi yangu wa Marangu anameza amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu, na alitaka kung'arisha meno baada ya kuona yangu. Daktari hakumkatalia papo hapo. Alimpa kikombe kidogo, akamwambia ainamishe kichwa, asitafune, asiseme, aachie mate yadondoke. Shangazi, ambaye kukaa kimya hata dakika mbili ni mtihani, alitoka na mate ambayo hayakufunika hata sakafu ya kikombe. Kipimo kinachoogopwa ni chini ya mililita 0.1 kwa dakika bila kutafuna. Kwenye hali hiyo hata jino ambalo halijaguswa na jeli liko hatarini kutoboka.

Kwa hiyo amerudishwa kwa daktari aliyemwandikia zile dawa, waone kama kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, na katikati ya hapo anakunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa na anatafuna. Hajafurahi. Anataka meno yawe tayari kabla ya Desemba, watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi, kwenda "kuhesabiwa" kama tusemavyo, na wakwe wote wapo. Daktari akamjibu kwamba Desemba inawezekana, ila hakutaja ya mwaka gani, na Shangazi bado hajaligundua hilo.